Somo: Barua ya CQC imefika, ufanye nini kabla ya kujibu

Ndugu zangu mnaoendesha wakala wa matunzo ya nyumbani au nyumba za wazee hapa England, somo hili nimeliahidi tangu Ramadhani, leo nalitoa. Mimi si wakili. Nilikuwa meneja aliyesajiliwa kwa miaka kadhaa, na ninayoyajua nimeyalipia. Kubwa ni hili: kila barua ya CQC (Care Quality Commission, tume inayosajili na kukagua huduma za matunzo England) ina saa yake, na saa hiyo inakwenda hata kama bahasha bado iko juu ya friji.

Hatua ya 1: Wakaguzi wako mlangoni

Wafungulie. Sheria ya Afya na Matunzo ya Jamii ya mwaka 2008 (Health and Social Care Act) inawapa uwezo wa kuingia, kupekua kumbukumbu na kuchukua nakala. Kuwazuia bila sababu ya msingi ni kosa la jinai. Mteue mtu mmoja akae na daftari aandike wameomba nini, saa ngapi, wamepewa nini, na wamesema nini walipokuwa wanaaga. Daftari hilo utalihitaji baadaye.

Na tafadhali, usiku ule usikae ukajaza chati zilizoachwa wazi kwa tarehe za nyuma. Pengo kwenye chati ni upungufu, unaelezeka. Chati ya kughushi haielezeki.

Hatua ya 2: Rasimu ya ripoti

Baada ya ukaguzi CQC hukutumia rasimu ya ripoti yao, na unapewa siku 10 za kazi kuonyesha makosa ya ukweli. Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Rasimu yangu ilisema mteja mmoja hana chati ya dawa ya mwezi mzima. Nikawaka. Nikaandika kurasa sita: tunavyojituma, tunavyofanya kazi Krismasi, familia zinavyotushukuru. Kumbe chati yenyewe ilikuwa kwa yule bibi, kwenye droo ya jikoni chini ya menyu za pizza, ina duara la kikombe cha chai, na imesainiwa siku zote 31. Niliiona wiki moja baada ya muda kupita. Zile kurasa sita hazikubadilisha hata neno. Karatasi ile moja ingebadilisha.

Kwa hiyo chora jedwali la safu tatu. Ya kwanza, ripoti inasema nini, ukurasa gani. Ya pili, ukweli wenyewe. Ya tatu, ushahidi, umepewa namba na kuambatishwa. Sentensi isiyo na kitu safu ya tatu, ifute, hata ikikuuma.

Mkaguzi akikataa kurekebisha kosa lililo wazi, usinyamaze. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la SSP Health dhidi ya CQC, ilisema haki inataka pingamizi la namna hiyo lipitiwe na mtu mwingine asiyehusika na ukaguzi ule. Litaje shauri hilo kwa adabu.

Hatua ya 3: Ikija ilani, tafuta namba ya kifungu kwanza

Usianze na tuhuma, zitakupandisha presha tu. Tafuta kifungu cha Sheria ile ya 2008.

Kifungu cha 29 ni ilani ya onyo. Una siku 10 za kazi kuandika utetezi, na hakuna rufaa kwenye baraza (First-tier Tribunal, mahakama inayosikiliza rufaa dhidi ya CQC).

Kifungu cha 26 ni pendekezo, tuseme la kufuta usajili wako au kukuwekea masharti. Una siku 28 za kuandika utetezi. Jibu kila tuhuma, moja moja.

Kifungu cha 28 ni uamuzi. Una siku 28 kukata rufaa kwenye Baraza la Ngazi ya Kwanza. Ukikata rufaa ndani ya muda, uamuzi hauanzi kufanya kazi mpaka rufaa iishe au uiondoe, kwa hiyo unaendelea kuhudumia wateja.

Kifungu cha 31 ndicho cha kuogopa. Hutumika wanapoona mtu anaweza kudhurika, na kinaanza papo hapo. Rufaa ipo, siku 28 zile zile, lakini unakata huku uamuzi umeshaanza kufanya kazi. Hapo mpigie wakili siku hiyo hiyo.

Angalia: hizo 28 si siku za kazi, ni za kalenda. Ilani ikikufikia tarehe 5 Desemba, muda unaisha tarehe 2 Januari, na katikati hapo kuna Krismasi, mwaka mpya, na wakili yuko likizo.

Mpigie pia mtu wa bima. Bima nyingi za wakala zina kipengele cha gharama za wakili, ila zinataka zijulishwe mapema.

Hatua ya 4: Ukiitwa kwenye mahojiano chini ya onyo (ya uchunguzi wa kosa la jinai, ambapo maneno yako yanaweza kutumika mahakamani)

Usiende peke yako. Basi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Luton:* Shikamoo mwalimu. Baada ya ukaguzi tumewafundisha wafanyakazi wote upya. Niweke vyeti kwenye majibu ya rasimu?

Marahaba mwanangu. Rasimu inazungumzia hali waliyoikuta, kwa hiyo vyeti vya baadaye havifuti walichokiona. Vitunze lakini, tena vizuri. Mkifika kwenye baraza, majaji huangalia hali ilivyo siku ya kusikiliza shauri, na hapo vyeti hivyo vina uzito.

*Mwanachama, Reading:* Kaka, wafanyakazi wangu wanne wako kwa viza yangu. Nikifutiwa CQC, wao je?

Tangu tarehe 11 Machi 2024, mwajiri wa matunzo England anayedhamini viza lazima awe amesajiliwa CQC. Kwa hiyo leseni yako ya udhamini nayo iko hatarini. Ikifutwa, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke. Waambie mapema, wasije wakasikia msikitini au kanisani. Na usitegemee kuajiri upya kutoka nje ya nchi: mlango huo umefungwa tangu tarehe 22 Julai 2025.

*Mwanachama, Glasgow:* Hii inatuhusu?

Hapana dada. CQC ni England tu. Scotland mna Care Inspectorate, na taratibu zake ni nyingine.

*Mwanachama, Coventry:* Shemeji yangu anapeleka akina mama wawili kwa wazee, wanapika, wanafagia, mmoja anamwogesha mzee. Hajasajiliwa popote. Anasema ni biashara ndogo.

Kupika na kufagia hakuhitaji CQC. Kumwogesha mzee asiyejiweza ni matunzo ya mwili, na anayeendesha huduma hiyo bila usajili anatenda kosa la jinai, hata kama mteja ni mmoja. Mwambie asimamishe kuogesha wiki hii, lakini kwanza ahakikishe yule mzee amepata mtu mwingine wa kumwogesha.