Batani moja kazi moja: tupange skrini za programu ya chama

Habari wadau. Leo ni batani na maneno ya kwenye skrini, maana naona vijana wetu hapa Kisumu wanatengeneza programu safi za chama, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, halafu mama wa soko la Kibuye akishika simu anakwama ukurasa wa pili, na si eti hajui simu, watu wametumia M-Pesa tangu 2007, ni vile batani ileile inafanya kitu kingine kila akigeuka.

Hatua ya 1. Chukua karatasi uandike kila kitu mtu anaweza kufanya: weka akiba, omba mkopo, lipa mkopo, toka. Kila kimoja kipe jina moja tu na ulishikilie, sio hapa "Tuma", pale "Wasilisha", kwingine "Endelea" na zote zinatoa pesa. Usipite hapa haraka. Mtu anaondoa ombi la mkopo, anaulizwa "Unataka kughairi ombi?" na chini kuna "Ghairi" na "Sawa". Sasa abonyeze gani? Zote mbili zinaonekana kukubali! Weka "Ondoa ombi" na "Acha ombi libaki", yaani hata asiposoma swali, batani yenyewe imwambie kitakachotokea.

Hatua ya 2. Mahali. Batani ya kulipa ikiwa chini, ibaki chini kila skrini. Kidole kinazoea kuliko macho, na ukileta toleo jipya ukaweka ya kufuta palepale, rekodi za watu zitapotea.

Hatua ya 3. Rangi isibebe maana peke yake. Kuna watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani, so andika "Imelipwa" na "Deni" kwa maneno. Maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma angalau 4.5 kwa 1, hicho ndicho kiwango cha chini cha WCAG (mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti na programu zitumike na kila mtu), na kwa jua la saa saba pale stendi ya boda hata hiyo ni kidogo, mimi naenda juu zaidi.

Hatua ya 4. Fuata kile wamezoea kwingine. Kwa menyu nyingi za USSD, zile za kubonyeza nyota na reli, 0 inarudisha nyuma, basi usiifanye 0 yako kuwa ya kuthibitisha malipo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliiweka hii kwa kanuni zake 10 za 1994, ni ya nne.

Hatua ya 5. Mpe mtu simu, mwambie "omba mkopo wa elfu mbili", halafu nyamaza kabisa. Pale kidole kinasita ndio pa kurekebisha.

MASWALI

Nakuru: Wakulima na karani wa sacco wapate skrini sawa?
Jibu: Si lazima. Karani anataka jedwali refu, mkulima anataka salio na batani mbili kubwa. Lakini "Salio" iwe hesabu ileile kwa wote. Kama kwa mkulima ni akiba yote na kwa karani ni akiba ukiondoa mkopo, watagombana kwa simu na wote wako sawa, na hiyo inaniuma sana kwa sababu ni sisi tumewagombanisha.

Kakamega: Aikoni ya kusevu ni disketi, ile ya zamani ya kuhifadhi faili za kompyuta, na vijana hawajawahi kuiona, niitoe?
Jibu: Wengi wanaijua kwa mazoea, iache, ila andika "Hifadhi" chini yake. Aikoni zote ziwe na neno.

Bungoma: Mkutano niandike 8:00 ama saa mbili?
Jibu: Kama programu ni ya Kiswahili andika "saa 2 asubuhi", na iwe hivyo kwa kalenda, kwa SMS, kila mahali. Ukichanganya, nusu ya chama itafika saa nane mchana. Na tarehe weka jina la mwezi, "3 Aprili", maana 03/04 kuna mtu ataisoma Machi.