Kununua gari mkononi Mwanza: namba, kadi, na wapi pa kuizuia hela yako

Kwa Tanzania namba hufuata gari, haimfuati mtu. Gari likiuzwa hata mara tano, ile T, tarakimu tatu na herufi tatu zinabaki palepale kwenye bampa. Linalobadilika ni jina kwenye kadi ya usajili. Kwa hiyo ukinunua gari mkononi unachukua na kila kilichoandikwa chini ya namba hiyo: faini, maegesho, mkopo, na jina la mtu ambaye pengine hujawahi kumtia machoni. Nafuatilia kadi za watu hapa mjini, na wengi wanaonijia wamekwama kwa sababu moja: walimaliza kulipa kabla ya kadi kusoma jina lao. Hatua hizi nimezipanga ili hela ya kumalizia iwe ya mwisho.

Hatua ya 1: Soma herufi, lakini usizilipie

Ukipita kwenye yadi za Barabara ya Nyerere utasikia "hii ni namba E, bosi," na bei inapanda hapohapo. Herufi ya kwanza kati ya zile tatu inakuambia gari lilisajiliwa lini nchini, basi. Toyota IST ya 2004 iliyoshuka bandarini juzi inapata namba E, na ya 2006 iliyokuja zamani ina namba C. Namba ya karibuni ina faida yake, maana gari halijala mashimo yetu muda mrefu, ila mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi.

Hatua ya 2: Tazama rangi ya pleti

Njano ni gari binafsi, nyeupe ni la biashara. Ukinunua Noah au Hiace yenye pleti nyeupe ukitaka iwe ya familia, kuna maombi ya kubadili matumizi TRA (Mamlaka ya Mapato), pleti mpya, na leseni ya usafirishaji ya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, ya kufungwa. Kukodi fundi wa kuchapa pleti za njano usiku si kubadili matumizi.

Gari la serikali lililouzwa mnadani linatakiwa kuvuliwa namba za STK au SU na kusajiliwa upya, na karatasi za mnada ziwe mkononi mwako. Na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa kuna mtego mwingine: magari yenye namba za Kenya au Uganda yanayoingia kwa Sirari na Mutukula kwa kibali cha muda. Bei yake tamu kwa sababu ushuru wa forodha haujalipwa. Ukiuziwa hilo, hakuna kadi ya kuhamisha. Achana nalo.

Hatua ya 3: Kadi halisi mkononi, boneti juu

Picha ya kadi ya WhatsApp si kadi. Omba ile yenyewe, fungua boneti, na soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. Kwa Toyota nyingi ndogo iko kwenye ukuta wa nyuma ya injini, chini ya waipa. Futa vumbi kwa kitambaa, washa tochi ya simu, soma tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi. Magari ya Japani huwa na namba fupi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha tarakimu za gari lenyewe.

Hapo ndipo modeli inaposema ukweli. IST yenye NCP60 ilitoka kiwandani na injini ya 2NZ, ya cc 1300. Yenye NCP61 ilitoka na 1NZ, ya cc 1500. Ukikuta chesisi ni NCP60 na injini iliyogongwa 1NZ, injini imebadilishwa. Si dhambi, mafundi wetu wanabadili kila siku, lakini namba ya injini kwenye kadi itakuwa ya ile ya zamani, iliyouzwa kwa mzani kama chuma chakavu. Mwambie muuzaji akarekebishe taarifa za kadi yeye, kabla, kwa jina lake. Hali ni hiyohiyo kwa gari lililopigwa rangi mpya.

Chesisi ikiwa imekwanguliwa, imechomelewa, au tarakimu zimepishana urefu kama mswaki wa zamani, funga boneti, aga kwa heshima.

Hatua ya 4: Andika namba, tafuta madeni

Hii ni ya dakika chache. Kwenye mfumo wa polisi wa TMS (tms.tpf.go.tz) ingiza namba ya gari, faini ambazo hazijalipwa zitatokea, kosa moja ni shilingi 30,000, na magari yaliyopiga ruti ndefu huwa na rundo. Kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima, angalia kama bima ni hai kweli au ni stika tu. Kisha TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa deni la maegesho. Piga picha majibu yote siku hiyohiyo. Muuzaji alipe na akuoneshe risiti, au mkate kwenye bei.

Hatua ya 5: Mwenye jina yuko wapi?

Hapa ndipo watu wanapolia. Dalali atakuambia: "Kadi ipo, mkuu, usiwe na wasi. Mzee yuko Sengerema, akirudi anasaini." Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kisingizio cha foleni ya kivuko pale Kigongo kimekwisha. Panda gari hilohilo, vuka nalo, mkamfuate mzee. Utakuwa umelijaribu na barabarani.

Mara nyingi mzee hayupo kabisa. Aliyeshika gari alinunua kwa mtu, aliyenunua kwa mtu, na hakuna aliyebadilisha jina. TRA wanamtambua aliye kwenye kadi. Hao wa katikati ni wapita njia. Bila huyo wa kwanza, saini yake na TIN yake (namba ya mlipakodi), unanunua kutembea kwa wasiwasi.

Kama mwenye jina amefariki, usilipe mjane wala mtoto mkubwa kwa sababu tu ndiye anayelilaza gari. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua yake. Kama jina ni la kampuni, dai barua ya kampuni inayomruhusu aliyekuja kusaini. Na ukiambiwa "kadi ipo mahali, nitaitoa ukinipa nusu," fahamu iko kwenye droo ya mkopeshaji. Nendeni pamoja kwa mkopeshaji, mlipe deni kwake moja kwa moja, kadi itoke mbele ya macho yako.

Hatua ya 6: Mkataba wenye bei ya kweli

Andikianeni mbele ya wakili: majina, TIN, namba ya gari, chesisi, injini, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu. Faini au ajali ya saa nne asubuhi ni ya nani ikiwa gari lilikabidhiwa saa sita?

Wengi huandika bei ya chini kukwepa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya thamani. TRA wana makadirio yao, hivyo unaokoa kidogo au huokoi kitu. Halafu gari likigundulika la wizi, unamdai mtu milioni tisa na mkataba wako unasema tatu.

Hela igawe. Sehemu kubwa siku ya kusaini, kwa benki au simu ili ibaki na ushahidi, na kiasi cha kumuuma muuzaji kibaki mpaka kadi mpya itoke. Iandikwe ndani ya mkataba. Muuzaji safi atanung'unika kidogo na kukubali.

Hatua ya 7: TRA

Nenda na kadi halisi, mkataba, TIN na vitambulisho vya wote wawili, na picha ndogo. Ada ya uhamisho wa gari ni shilingi 50,000 na kadi ni 10,000, ukiongeza ile stempu; pikipiki ni 27,000 badala ya 50,000. Lipa kwa kontroo namba tu, ile namba ya malipo ya serikali. Hela ya "kuharakisha" inayoombwa koridoni haina risiti na haiharakishi kitu.

Hatua ya 8: Pleti na bima

Pleti za 3D, zile za herufi nene zilizobandikwa, ng'oa siku ya kwanza, maana trafiki watakusimamisha kwa kosa la mwenzio. Weka za kawaida kutoka kwa watengenezaji wanaotambuliwa. Bima ya muuzaji usiitegemee. Kata yako, kwa jina lako, siku kadi inapotoka. Muuzaji naye mpe nakala ya kadi mpya, na hapo mmalizie ile hela iliyobaki.