SOMO: Namna ya kupima kama kopi yako ya The Wizard of Oz imekarabatiwa vizuri

Wakuu habari. Kila ikiulizwa kopi ipi ya The Wizard of Oz ya 1939 ni nzuri watu wanajibu "ile inayong'aa". Kung'aa sio kipimo jamani. Hii muvi sehemu zake za rangi zilipigwa kwa kamera ya Technicolor, ile iliyokua inaugawa mwanga kwa prizimu na kuurekodi kwenye filamu tatu za nyeusi na nyeupe kwa mpigo, moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya bluu, halafu rangi zenyewe zinakuja kuwekwa maabara wakati wa kuchapa kopi za kupeleka sinema. Lishike hilo, maana kasoro nyingi utakazoziona zinaanzia hapo.

Kwanza TV yako. Ingia setingi toa ile Vivid, weka Filmmaker Mode au Movie kama hiyo haipo, sharpness shusha, na zima kabisa ile ya kulainisha mwendo. Usipofanya hivi utakua unahukumu TV sio muvi.

Hatua ya 1, umbo la picha. Ni 1.37 kwa 1, yaani inakaribia mraba, kwa hiyo lazima uone nyeusi kushoto na kulia. Ikijaa skrini nzima ujue wamekata juu na chini au wameivuta, achana nayo.

Hatua ya 2, Kansas. Mwanzo wote, pale Dorothy (mhusika mkuu) yuko nyumbani kabla hajafika ile nchi ya ajabu ya Oz, unatakiwa uwe wa kahawia. Miaka mingi TV na kanda zilikua zinaonesha nyeusi na nyeupe tu, kahawia ikarudishwa 1989 muvi ilipotimiza miaka 50. Halafu msidai Kansas iwe kali kama Oz, negativu yake halisi (filamu iliyotoka kwenye kamera yenyewe) iliteketea kwenye moto wa 1978 pale George Eastman House, makumbusho ya filamu na picha, Rochester, New York, kwa hiyo ulaini kidogo pale tusiwalaumu mafundi.

Hatua ya 3, mlango. Hapa tulia, rudisha nyuma hata mara tatu. Dorothy anapofungua mlango na Oz inatokea kwa rangi, ile shoti yote ni filamu ya rangi, hakuna mahali imegeuka katikati. Walikipaka chumba rangi ya kahawia, anayefungua mlango ni Bobbie Koshay, mwigizaji mbadala, kavalishwa gauni la kahawia, akishasogea ndo Judy Garland, Dorothy mwenyewe, anatokea na gauni la bluu. Sasa kwenye kopi nzuri kahawia ya chumba inaendana na ya shoti iliyotangulia, huoni mruko, na rangi za nje hazimwagikii kwenye fremu ya mlango. Kwenye kopi mbovu ukuta unakua na uzambarau fulani hivi au shoti inabadilika ghafla kabla mlango haujafunguka. Mimi hapa ndo huwa namaliza nusu ya hukumu yangu.

Hatua ya 4, kingo. Zile filamu tatu za kamera, yaani negativu, kila moja imesinyaa kivyake, zisipolaliana sawasawa unaona kamstari kekundu au ka bluu pembeni ya vitu. Kagua miraba ya gauni la Dorothy na matofali ya ile njia ya njano. Studio ya Warner walizipanga upya kwa kompyuta kwa ajili ya DVD ya 2005, na Blu-ray ya 2009 ikatoka kwenye skani ya 8K (yenye pikseli nyingi sana), kwa hiyo kwenye hizo kamstari kakionekana kila mahali ujue kopi yako ina walakini.

Hatua ya 5, chembechembe. Zile punje zinazochezacheza kwenye picha ndo filamu yenyewe, sio uchafu. Msogelee Scarecrow (yule sanamu wa shambani) usoni, unatakiwa uone alama kama za nyuzi za gunia kwenye mask yake, picha ikisuguliwa sana uso unakua kama plastiki. Viatu vyekundu nao, vile vimetameta vionekane kimoja kimoja, visiwe donge moja jekundu.

Hatua ya 6 ni ya wenye diski ya 4K ya 2019. Kijani cha uso wa mchawi na kijani cha Emerald City ni viwili tofauti, vikifanana HDR (ile ya kuongeza mwanga na rangi) imezidishwa au TV yako inadanganya.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mbona naona uzi umeshikilia mkia wa simba, si wangeufuta tu?
Jibu: Uzi upo tangu siku ya kupiga picha. Kopi za sinema za enzi zile zilikua laini kuliko negativu, so skani inaona vitu ambavyo watazamaji wa 1939 hawakuviona. Wapo wanaotaka ifutwe, mimi nasema iachwe, ni kazi ya mikono ya watu.

Swali: Naangalia kwa striming na imeandikwa 4K, si ni ile ile?
Jibu: Pikseli zinaweza kua sawa ila data haziko sawa, diski ya 4K inaweza kupita Mbps 100 (megabiti kwa sekunde) na striming nyingi hazifiki hata 30. Jaribu kwenye kimbunga, kile ni soksi ya kitambaa cha muslini ya futi 35 wanaizungusha kwenye vumbi, na vumbi ndo linaiumbua kompresheni. Ukiona vumbi limekua vibox vibox, tatizo ni striming sio ukarabati.

Swali: Sauti niweke ipi, 5.1?
Jibu: Mono. Ndo ilivyotoka, 5.1 imekuja kutengenezwa baadae.

Swali: Kuna zile za AI za fremu 60 kwa sekunde vipi?
Jibu: Hapana mkuu. Muvi ni fremu 24, na sura za wale Munchkins (watu wafupi wa Oz) wa nyuma AI inazibuni upya, unakua unaangalia watu ambao hawakuwepo.

Swali: Nina TV ya inchi 32 na bajeti ndogo.
Jibu: Blu-ray ya 2009 inakutosha kabisa, na used zipo. Ila omba kuona diski yenyewe kabla hujalipa, sio kava tu.