Umeng'atwa na mbwa? Sabuni kwanza
Hapa Ujiji mtoto aking'atwa na mbwa, huyu analeta pilipili, yule mafuta ya taa. Acheni jamani! Chukua sabuni, hata kile kipande cha sabuni ya mawese, uoshe kidonda kwa maji yanayotiririka dakika 15 nzima. Kama hakuna bomba, mtu amimine kwa kata huku wewe unaosha, povu na povu. Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Sindano za chanjo ya kichaa cha mbwa umalize zote. Kidonda kukauka si kupona, na dalili za ugonjwa huo zikishaanza karibu hakuna anayenusurika. Mbwa akijulikana msimuue, afungwe aangaliwe siku 10 (chanjo yako isisubiri). Akifa, mwiteni bwana mifugo. Wa kwako mchanje kila mwaka, na paka pia.