Namna ya kulichambua gazeti la udaku, kuanzia mezani kwa muuzaji

Mdogo wangu anasoma uandishi wa habari, na chuoni wamempa kazi ya kueleza magazeti ya udaku ya Bongo yanavyomnasa msomaji. Akaja na rundo la picha za skrini. Nimepanga kurasa kwa miaka, kwa hiyo nilimwambia azifute, kisha tukaenda hivi.

1. Nunua magazeti ya karatasi, tena ya wiki nzima. Simu inakupa kisa kimoja kimoja, huoni kimewekwa juu ya nini. Global Publishers, kampuni ya magazeti ya udaku ya Dar es Salaam, kwa mfano, walijipanga hivi: Ijumaa Wikienda Jumatatu, Uwazi Jumanne, Risasi Jumatano, Amani Alhamisi, na Ijumaa siku yake. Kisa kikishika moto, gazeti ndugu linakipokea.

2. Kabla ya kulipa, rudi nyuma hatua chache kutoka kwenye meza ya muuzaji. Andika tu yanayosomeka kutoka hapo. Wengi wanaosimama hapo mezani ni wasomaji wa bure: wanaondoka na kichwa cha habari peke yake, na hicho ndicho watakachosimulia kwenye daladala.

3. Sasa kalamu nyekundu. Katika kila habari, zungushia anayesema. Usiende haraka hapa. Tuseme kichwa ni "STAA ADAIWA KUNASWA GESTI!" Amedai nani? Shuka hadi ndani. Ukikuta "chanzo chetu" au "mnyetishaji wetu", halafu jina la mwandishi ni "Mwandishi Wetu", basi hakuna hata mtu mmoja aliyeweka jina lake rehani. Lakini usikimbilie kuhukumu. "Adaiwa" ni neno halali kabisa kwenye habari ya mahakama, ambako mshtakiwa hudaiwa mpaka hukumu itoke. Tafuta jina la mahakama, hakimu, tarehe ya kesi. Vikiwepo, hiyo si udaku hata kama herufi ni nyekundu.

Alama ya kiulizo nayo ina ujanja wake: "AMETEMWA?" haidai chochote, ila msomaji wa mezani anaibeba bila kiulizo. Na ile sentensi ya "alipotafutwa, simu yake iliita bila kupokelewa" isikudanganye upande wowote. Haithibitishi kosa la mtu, wala haithibitishi kwamba alitafutwa kwa dhati. Angalia kama wametaja alipigiwa lini, na kama toleo lililofuata lilimpa nafasi ya kujibu. Ndiyo maana nilisema wiki nzima.

4. Picha: ni ya tukio au ya maktaba? Maelezo yasiposema, andika "haijulikani". Fumanizi ni suala tofauti. Global walikuwa na kikosi cha OFM, Oparesheni Fichua Maovu, kilichokwenda na kamera. Picha hapo ni ya kweli, na swali linakuwa nani aliwaita na kwa nini. Anayeita ana ugomvi wake, na gazeti linakuwa silaha yake.

5. Usiruke hadithi. Wanachuo huiruka wakidhani ni kujaza nafasi. Eric Shigongo, mwanzilishi wa Global, alijenga wasomaji kwa riwaya za mfululizo: sehemu inakatika pabaya, "itaendelea", na wiki ijayo unatoa hela tena hata kama mastaa hawajagombana.

6. Mwisho mwulize muuza magazeti lipi limeisha mapema na wateja walikuwa wanauliza nini. Mhariri atakupa hotuba; huyu anajua kwa sababu nakala zikibaki ni hasara ya siku yake.