Lafudhi ya Mwigizaji Ikikuharibia Filamu: Tafuta Kwanza Tatizo Liko Wapi

Mtazamaji akishindwa kufuata mazungumzo ya filamu, lawama huangukia lafudhi moja kwa moja. Huenda lafudhi haina kosa. Tatizo linaweza kuwa sauti inayotoka vibaya kwenye spika, au sikio ambalo halijazoea matamshi yale, au mwigizaji anayeiga lafudhi isiyo yake na ikamshinda. Kila moja lina dawa yake, kwa hiyo anza kwa kupima.

Chagua kipande cha dakika mbili kilichokushinda, kiwe na watu wawili wanaozungumza, na mmoja wao awe na lafudhi unayoifahamu. Kisikilize tena kwa hedifoni za waya. Ikiwa hata yule wa lafudhi unayoifahamu alikuwa hasikiki vizuri, na sasa anasikika, tatizo ni spika. Ikiwa unasikia kila mlio lakini hujui neno moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi, ni sikio. Na ikiwa unaelewa kila neno ila kuna kitu kinakukera, tatizo liko kwa mwigizaji au kwa mwongozaji wake.

Kurekebisha sauti

Kwenye sauti ya 5.1, yaani ile iliyogawanywa katika njia sita za spika tofauti, mazungumzo mengi hupita kwenye spika ya katikati. Televisheni yenye spika mbili hulazimika kukunja njia zote sita ziwe mbili, na hapo ndipo muziki unapomeza maneno. Ingia kwenye menyu ya sauti ya filamu, achana na 5.1, chagua stirio, yaani sauti ya njia mbili. Zima mfumo wowote wa kuigiza sauti ya kuzunguka. Washa hali ya usiku, ile inayopunguza tofauti kati ya milio mikubwa na midogo, au hali ya kukuza mazungumzo kama ipo. Mwenye spika ya katikati aiongezee desibeli 2 au 3 peke yake.

Ikibidi uguse ikwalaiza, yaani kirekebisha milio minene na myembamba, punguza besi kwanza, kisha ongeza desibeli 3 kati ya hezi 2,000 na 4,000. Huko ndiko ziliko konsonanti nyingi zinazotofautisha neno na neno. Ukizidisha hapo, kila “s” itapiga mluzi na utachoka kabla ya nusu saa. Kuongeza sauti yote kwa rimoti hakusaidii sana, maana muziki na milipuko nayo hupanda.

Angalia pia kama midomo inakwenda sawa na sauti. Mtu hutegemea midomo kuliko anavyodhani, hasa lafudhi ikiwa ngeni. Sauti ikiitangulia picha kwa takriban milisekunde 45, au ikichelewa kwa takriban 125, tofauti huanza kuonekana. Hedifoni za bluetooth ndizo huchelewesha mara nyingi. Televisheni nyingi zina mahali pa kurekebisha hilo.

Kulizoeza sikio

Hapa ndipo watu hukata tamaa mapema mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba msikilizaji wa Kiingereza huanza kuizoea lafudhi ya mgeni ndani ya dakika moja tu ya kuisikia. Huo ulikuwa usikilizaji wa maabara, si wa filamu yenye muziki na milipuko. Filamu hudai muda zaidi. Wape wahusika dakika kumi za mwanzo bila simu mkononi, kisha ndipo uamue.

Manukuu, yaani maandishi ya mazungumzo chini ya picha, husaidia, ila chagua yaliyo katika lugha ileile inayozungumzwa. Utafiti wa mwaka 2009 uliwapa Waholanzi video zenye lafudhi nzito za Uskochi na Australia. Waliosoma manukuu ya Kiingereza walizielewa vizuri zaidi sentensi mpya za wazungumzaji walewale. Manukuu ya Kiholanzi hayakulifundisha sikio hivyo. Kwa sentensi mpya yalikuwa kikwazo. Sababu yake si ngumu: neno lililoandikwa likilingana na neno lililotamkwa, ubongo hujifunza kwamba mlio huu wa ajabu ni irabu fulani. Tafsiri hukupa maana bila kukupa mlio. Ukitaka hadithi tu, tafsiri inatosha. Ukitaka kuwasikia waigizaji, haitoshi.

Utaratibu unaofaa ni huu. Washa manukuu kwa dakika 20 hivi za mwanzo. Jitahidi kusikiliza sentensi kwanza, ndipo ushushe macho kuhakiki. Kisha yazime, na uyawashe tena anapoingia mhusika mwenye lafudhi mpya. Manukuu mara nyingi hufupishwa yaingie kwenye mistari miwili, kwa hiyo usishangae ukisikia maneno ambayo hayapo kwenye maandishi. Hiyo ni dalili njema.

Shika vilevile milio miwili mitatu inayobadilika, ukaifuatilie. Kwa Kiingereza, anza na “r” inayokuja baada ya irabu bila irabu nyingine kuifuata, kama kwenye “car”: Mmarekani wa sehemu nyingi, Mskochi na Mwairishi huitamka, wengi wa London huiacha. Kisha “t” iliyo katikati ya irabu mbili: Mmarekani huilainisha ikakaribia “d”, na London ya mitaani huikata kooni.

Lafudhi ikiwa ya kuiga

Kabla ya kumhukumu mwigizaji, jiulize wahusika wanazungumza lugha gani ndani ya hadithi. Ikiwa ni Warusi wanaoongea wao kwa wao, Kiingereza chenye lafudhi ya Kirusi hakina mantiki yoyote, kwani Mrusi hasikiki na lafudhi ya kigeni kwa Mrusi mwenzake. Filamu ya The Death of Stalin, ya mwaka 2017, ililikwepa hilo: waigizaji Waingereza na Wamarekani walitumia Kiingereza cha kawaida bila kuiga Kirusi. Uamuzi wa aina hiyo ukifanywa kwa wote, sikio hulikubali mapema. Kinachosumbua ni nusu ya waigizaji kuiga na nusu kuacha, au ndugu wawili waliokulia nyumba moja kuongea kama watu wa mabara mawili.

Lafudhi ya kuiga hufeli mahali panapojulikana. Sikiliza mwigizaji anapopiga kelele, anapolia au anapocheka, kwa sababu hapo umakini hupungua na irabu zake za nyumbani hurudi. Sikiliza pia kiimbo. Wengi hujifunza milio mmojammoja na kusahau mwendo wa sentensi, kwa hiyo kila neno likawa sahihi na sentensi nzima ikawa ya uongo. Halafu kuna mabadiliko ya ghafla kati ya tukio na tukio: filamu hupigwa bila kufuata mpangilio wa hadithi, na baadhi ya maneno hurekodiwa upya studioni muda mrefu baada ya upigaji picha, pengine bila mkufunzi wa lafudhi kuwepo.

Ukishalitambua kosa, acha kuliwinda. Anayehesabu kila “r” iliyopotea hawezi kufuata hadithi.

Toleo lililotiwa sauti za watu wengine liwe la mwisho kufikiriwa. Mad Max ya Australia ilipopelekwa Marekani mwaka 1980 ilitiwa sauti za Kimarekani, na watazamaji wa huko wakaona midomo ya Mel Gibson, mwigizaji wake mkuu, wakisikia mtu mwingine. Kama toleo lenye sauti za awali lipo, jaribu hilo kwanza, pamoja na manukuu yake.