Kukadiria safari ya ndege kwa uzi, tufe na saa za miji miwili

Mtu akiniuliza ni saa ngapi kwa ndege kutoka mji mmoja hadi mwingine, kwanza natafuta tufe la dunia na kipande cha uzi. Ramani ya ukutani haifai kwa kazi hii, maana dunia imelazwa ikawa bapa.

Tuchukue London na New York. Ukikaza uzi kati ya miji hiyo juu ya tufe, utauona umepanda kaskazini ukapita karibu na Newfoundland, kisiwa cha mashariki ya Kanada, wakati rula kwenye ramani ingekata katikati ya Atlantiki. Uzi ndio unaosema kweli. Tufe langu lina kipenyo cha sentimita 30, hivyo kila sentimita ya uzi ni kama kilomita 425. Hapo napata sentimita 13, yaani takriban kilomita 5,500, na umbali kati ya viwanja vya ndege vya Heathrow, London, na JFK, New York, ni kama 5,540. Ukikuta umbali umetajwa kwa maili za baharini, zidisha kwa 1.852 upate kilomita.

Sasa gawanya kilomita hizo kwa 850 upate saa, kisha ongeza nusu saa. Ndege kubwa ikishatulia angani huenda karibu kilomita 900 kwa saa, lakini kupanda na kushuka hufanyika kwa mwendo mdogo, na kuna kuzungukazunguka uwanjani kabla ya kuruka. Kwa mfano wetu jibu ni saa saba hivi.

Jibu hilo linafaa zaidi kwa anayekwenda mashariki. Juu kule kuna mkondo mkali wa upepo unaovuma kutoka magharibi. Anayetoka New York husukumwa nao. Anayerudi huukata uso kwa uso, na safari yake huwa kama saa nane. Wakati wa baridi mkondo huo huzidi nguvu na tofauti hupanuka.

Kwenye tiketi ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu saa ya kuondoka ni ya mji wa kwanza na ya kufika ni ya mji wa pili. Ukiondoka New York saa 2 usiku ukafika London saa 2 asubuhi, usiseme umesafiri saa 12. London iko mbele kwa saa 5. Toa, zinabaki 7. Kurudi, kuondoka saa 5 asubuhi na kufika saa 8 mchana kunaonekana kama saa 3: ongeza 5, ni 8. Angalia pia tarehe. Marekani husogeza saa zake mapema kuliko Uingereza mwezi Machi na huzirudisha baadaye, kwa hiyo kuna majuma machache kwa mwaka tofauti huwa saa 4 tu.

Uzi haujui mipaka. Tangu anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ya saa 9 na kitu, hufikia kama 13. Kwa njia kama hizo sitegemei hesabu yangu, natazama ratiba ya sasa.

Na kama unakwenda kumpokea mgeni, saa ya kutua siyo saa ya kumwona. Bado ana foleni ya pasipoti na kusubiri mizigo.